Riwaya za kumpa kijana aliyefiwa: mchagulie mahali kwanza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro na mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha nne. Baba alitangulia zamani, na mwaka jana tukamzika mama. Mdogo wangu hakuwa msomaji, ila likizo iliyopita aliazima Vuta n'kuvute kwa rafiki yake, akajifungia nayo chumbani mpaka akaimaliza. Alipotoka akaniambia, 'Dada, humu unaisikia Unguja.' Sasa anataka nyingine za namna hiyo: riwaya yenye mahali panaposikika, inayomhusu kijana aliyepata shida au aliyepoteza watu wake. Vitabu vya kutoa mafunzo hataki. Nimpe zipi? Na kuna ambazo nisimpe kwa sasa?"

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote wawili kwa msiba, Mwenyezi Mungu ampumzishe mama mahali pema.

Nimeamua kukujibu kwa urefu kwa sababu ya ile sentensi ya mdogo wako. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, imejaa watu wanaonyang'anywa vitu. Yasmin anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mzee wa miaka 52. Akiikimbia ndoa ile, watu wake mwenyewe wanamfungia mlango, na pa kujishikiza panabaki kwa Mwajuma, kule Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja. Angeweza kabisa kukuambia amemwonea huruma Yasmin, na lingekuwa jibu la haki. Yeye amekuambia anaisikia Unguja. Kilichomshika ni mitaa ile, vijana wanaonong'ona siasa usiku, makachero wa mkoloni wanaowanusa kila wanakokwenda. Majonzi ya Yasmin yamemwingia humo humo, bila yeye kuombwa ahuzunike.

Nimefundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi, na nimeona mara nyingi mtu mzima akimpa mtoto aliyefiwa kitabu kinachohusu kufiwa, kwa matumaini kwamba kitabu kitasema yale ambayo yeye ameshindwa kuyasema. Kitabu cha namna hiyo aghalabu hurudi hakijafika hata nusu. Kijana anajua kwa nini amepewa, na anahisi anapimwa. Kwa hiyo mchagulie mahali, na uache kumtafutia msiba unaofanana na wake. Riwaya iliyoandikwa vizuri inaubeba msiba ndani ya nyumba, shamba au barabara yake, na msomaji anaufikia kwa mwendo anaouweza.

Ningeanza na Peponi. Hii ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Mpe hiyo ya Kiswahili hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Watu wa hadithi hii ni wa pwani na wa njia za misafara, na wakizungumza Kiswahili wanakuwa wamerudi nyumbani.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake anaendesha hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli na sasa umepooza. Kuna mfanyabiashara tajiri, Aziz, anayepita hapo na msafara wake, na mtoto amekua akiamini kwamba huyu ni ndugu. Anamfurahia, kwa sababu kila akiondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Anamjua pia kwa harufu: ngozi, manukato, ubani na viungo, na chini ya hizo harufu nyingine ambayo mtoto hana jina lake, ila inamfanya afikirie hatari. Siku moja anaambiwa atafuatana na Aziz, anapandishwa treni. Hakuna anayemweleza kwamba baba yake anadaiwa na kwamba rehani ni yeye. Anakuja kuelezwa huko alikopelekwa, dukani, na Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kabla yake: huyu si ndugu yako, na kuanzia leo utamwita Seyyid, yaani bwana.

Angalia hasara ilivyoingia hapo. Imetangulizwa na harufu na sarafu, na mtoto alishaipokea mkononi kabla hajajua ni nini. Gurnah anaendelea hivyo hivyo kitabu kizima. Nyuma ya nyumba ya Aziz kuna bustani yenye ukuta, maji katikati, miti ya matunda, na vioo vimetundikwa kwenye miti. Yusuf anaipenda bustani ile kuliko kitu chochote alichopata tangu kutoka kwao, na ni humo humo msomaji anaanza kuona kwamba kila uzuri katika nyumba ile umelipiwa na mtu. Baadaye kuna safari ndefu ya bara, mpaka nchi ya chifu Chatu, na kurasa hizo nina hakika kijana aliyeipenda Vuta n'kuvute hatazilaza.

Jambo jingine linalonifanya niitangulize ni kwamba Yusuf hakuanza kwa kuzika. Aling'olewa kwa wazazi walio hai. Tofauti hiyo ndogo kati yake na mdogo wako inampa nafasi ya kusoma bila kujiona yeye kila ukurasa. Mwisho wake ni wa ghafla, na wasomaji wengi wameukasirikia. Akija kwako amekasirika, usiutetee. Muulize tu yeye angemfanya Yusuf aende wapi.

Ya pili ni Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Hapa msimulizi ni kijana mwenyewe, Kongowea Mswahili, na sauti yake ni ya mtu anayekaa nawe barazani akakupa habari zake zote. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu Tanga. Mtoto amezaliwa nje ya ndoa, na mtaa haumwachi alisahau hilo. Mama anafariki, Kongowea anabaki mikononi mwa jamaa, na hatimaye anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Mandhari yake hayana uzito wa Peponi, kwa sababu hadithi iko njiani muda mwingi: miji, stendi, nyumba za watu wasiomjua. Ila Tanga ya mwanzo, Tanga ya mama aliye jukwaani, haitoki kichwani.

Kwa haki nikwambie na udhaifu wake. Bahati inafanya kazi kubwa mno katika kitabu hiki, watu wanakutana pale tu hadithi inapowahitaji. Kijana mwerevu ataliona hilo, na sidhani litamzuia kuipenda. Nimeiweka ya pili kwa makusudi, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba yenu: mama anaondoka mapema, na kilichobaki cha kitabu ni mtoto anayejifunza kutembea bila yeye. Asome akiwa tayari amezoea kusoma. Na ujue kwamba kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kimekua na kitabu hiki. Walibora alipofariki Nairobi, Aprili 2020, walioomboleza wengi walikuwa watu waliomsoma wakiwa na umri wa mdogo wako.

Sasa niseme kuhusu ile ninayoipenda kuliko zote katika orodha hii, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Ni Unguja tena, lakini si Unguja ya mjini aliyoizoea. Hii ni ya mashamba. Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mali na ardhi, na baba huyo hamtaki kwa sababu ya weusi wa ngozi yake. Mama hayupo wa kumkinga. Mateso yanapomzidi anakimbia, anapotea porini, na anayemwokoa ni Sulubu, mkulima ambaye hana kitu ila mikono yake. Mapenzi yao yanakuja baadaye na yanakuja polepole, kwa kulima na kupanda mahali paitwapo Ramwe. Ukifika hapo unaanza kuipenda ardhi ile kama wao, na unaanza pia kuogopa, kwa sababu unajua ardhi kisheria ni ya nani.

Mwandishi huyu ana jicho la mkulima na sikio la mshairi. Anaweza kukaa na mti, na mvua, na giza la kichakani, kwa muda ambao waandishi wengine wangekuwa wamekwishamaliza sura. Kwa msomaji mwenye haraka ni kazi. Kwa mtu aliyesema "unaisikia Unguja" ni zawadi. Sentensi zake nyingine ni ndefu na zina maneno ya visiwani ambayo kijana wa Morogoro hatayajua yote. Msaada mzuri ni kusomeana kwa sauti. Someni sura mbili za mwanzo pamoja, wewe ukurasa, yeye ukurasa. Sikio likishashika mwendo wa lugha ile, ataendelea peke yake, na maneno asiyoyajua yatajieleza yenyewe.

Kwa nini naipenda kuliko nyingine? Kwa sababu Rehema hapewi fidia. Vitabu vingi vya vijana waliopata shida vina tabia ya kuwalipa mwishoni: anapatikana mjomba tajiri, shule inafunguka, ndoa inafungwa, na mateso yote yanaonekana kumbe yalikuwa na faida. Kijana aliyefiwa anajua hakuna faida iliyoletwa na kifo cha mama yake, na anasikia uongo kwa mbali. Katika Nyota ya Rehema furaha ipo, ni ya kweli na imefanyiwa kazi, lakini aliyewahi kudhulumiwa anaweza kudhulumiwa tena. Nimewaona vijana wakikiamini kitabu hicho kwa sababu hiyo hasa.

Umeniuliza pia ambazo usimpe kwa sasa. Ni mbili, na zote ni za Euphrase Kezilahabi, mwandishi ambaye mimi binafsi namweka mbele kabisa ya waandishi wa riwaya za Kiswahili. Ya kwanza ni Rosa Mistika (1971), inayoanzia Namagondo, kisiwani Ukerewe, alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe. Rosa analelewa na baba mlevi, Zakaria, anayemchunga kwa ngumi, na akitoka nyumbani kwenda shule hajui uhuru unatumiwaje. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha ikarudi na kufundishwa. Ya pili ni Kichwamaji (1974), kuhusu Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi likizo Ukerewe na kukuta nyumba yao inaanguka: dada yake Rukia anafariki, na mama naye anamfuata. Mahali panasikika katika vitabu vyote viwili kuliko unavyoweza kufikiri: ziwa, vumbi, pombe, kanisa, maneno ya watu. Kwa kipimo cha mdogo wako zingekuwa za kwanza.

Ila Rosa anajiua, na Kazimoto anajiua. Na Kezilahabi haandiki kifo hicho kama ajali ya hadithi. Anakifikisha kwa hoja, hatua kwa hatua, hasa katika Kichwamaji, ambako Kazimoto anafikiri kwa sauti juu ya maisha kutokuwa na maana mpaka msomaji anajikuta anakubaliana naye. Mimi huwapa watu wazima kitabu hicho kwa moyo mkunjufu. Kijana wa umri wake ambaye hajamaliza hata miaka miwili tangu kumzika mama sitampa akisome peke yake usiku. Simaanishi uvifiche. Vitabu vilivyofichwa hutafutwa. Akiviona mahali na kuviuliza, mwambie kweli: ni vitabu vikubwa, watu hawa wanajiua, tutasoma pamoja ukifika wakati. Na kama una dalili yoyote kwamba yeye mwenyewe anazungumza juu ya kutotaka kuishi, hapo si mahali pa riwaya. Wewe ni muuguzi, unajua mlango wa kugonga. Niliandika hili tu kwa sababu nyumbani sote huwa tunasahau yale tunayoyajua kazini.

Kama anasoma Kiingereza au Kifaransa bila taabu, kuna kitabu cha jirani zetu ambacho nisingependa akikose: Petit pays cha Gaël Faye, cha mwaka 2016, kinachopatikana kwa Kiingereza kwa jina la Small Country. Ni Bujumbura, mtaa wa Kinanira, miaka ya mwanzo ya 1990. Gabriel ni mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, na dunia yake ni kichochoro kimoja kisicho na njia ya kutokea, ambako yeye na wenzake wanaiba maembe ya majirani na kuwauzia wenyewe. Kisha inakuja 1993, uchaguzi na mapinduzi nchini Burundi, na 1994 kule Rwanda. Mama yake anakwenda kutafuta ndugu zake na anarudi akiwa mtu mwingine.

Humo kuna mama mmoja jirani, Mgiriki, Bibi Economopoulos, mwenye nyumba iliyojaa vitabu. Anaanza kumwazima Gabriel kimoja kimoja. Mji unapoungua huko nje, mtoto anasoma, anakirudisha, anazungumza naye juu ya alichosoma, anaondoka na kingine. Bibi huyo anayafanya hayo bila kumwambia mtoto kwamba vitabu vitamponya. Nimewasomea wanafunzi kurasa hizo kuliko kurasa nyingine za kitabu hicho, na nakuelekeza wewe huko zaidi hata ya mdogo wako, maana kazi ya mama yule sasa ni yako. Tahadhari moja: karibu na mwisho kuna kitendo cha ukatili ambacho watoto wenyewe wanahusishwa. Kisome wewe kwanza.

Nyingine nitazitaja kwa ufupi. Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) inafunguka na Ridhaa amesimama kwenye mabaki ya nyumba yake iliyochomwa na familia yake ndani, katika vurugu za uchaguzi. Sura hiyo ya kwanza ni nzito sana. Baadaye kitabu kinajaza watu wengi mno na utahitaji kalamu kuwafuatilia, lakini hadithi ya Umu na wadogo zake wawili, walioibwa na kutawanyika, inaweza kumgusa mtu anayelelewa na dada yake. Kuli ya Adam Shafi huyo huyo (1979) inamfuata Rashidi, mtoto wa kuli anayerithi kazi ya baba bandarini Zanzibar, mpaka mgomo wa mwaka 1948. Wapenzi wa Denge, kijana wa siasa katika Vuta n'kuvute, huifurahia, ingawa siasa zake ziko wazi zaidi na watu wake hawana damu nyingi kama wa Vuta n'kuvute. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), juu ya Maimuna anayefungiwa ndani na baba yake na anayetoroka kwenda kuangukia pabaya, ni kali na nzuri, isubiri mwaka mmoja. Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo huenda amekwishaisoma darasani, kwa hiyo nadhani ladha yake imekwisha kwa mitihani.

Na hilo la mitihani lina uzito. Mtoto aliye kidato cha nne amefundishwa kusoma riwaya akiwa na orodha kichwani: dhamira, wahusika, ujumbe, mandhari, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Akisoma kwa namna hiyo nyumbani, atakuwa anasahihisha tu. Usimuulize kitabu kimemfundisha nini. Alikuambia mwenyewe mafunzo hataki. Muulize ni mahali gani humo angependa kwenda, au ni mtu gani angemfungia mlango. Akikaa kimya, nyamaza naye. Na akiacha kitabu katikati, mwache aache, umpe kingine. Vuta n'kuvute wengi hukutana nayo kidato cha tano na cha sita wakiwa na kalamu mkononi. Ni heri kubwa kwamba yeye ameipenda kabla hajaulizwa swali lolote juu yake.

Kuhusu kuvipata: Peponi utaipata kwa Mkuki na Nyota, na duka la vitabu la TPH, Samora Avenue, Dar es Salaam, huwa nayo. Ukipata mtu anayekuja Morogoro kwa basi atakuletea. Siku Njema imechapwa na Longhorn na si ngumu, waulize wauza vitabu vya shule, hata wanaoleta bidhaa kutoka Kenya. Petit pays kwa Kiingereza itabidi uiagize. Kuli na Utengano jaribu maktaba ya mkoa kwanza, uanachama wake ni wa bei ndogo na mdogo wako atapata sababu ya kutoka nyumbani Jumamosi. Nyota ya Rehema ni ya zamani, kwa hiyo anza kuiulizia leo kwa wauza vitabu vya mitumba na kwa walimu wa Kiswahili wa umri wangu, maana ndiyo itakayokuchukulia muda mrefu kuipata, na ningependa iwe imefika kabla hajamaliza Siku Njema.